Swichi ya Matangi Mawili

Lori la mume wangu Wekulo lilikuwa na matangi mawili ya petroli, moja kushoto na moja kulia, lakini sindano ya kuonyesha mafuta ilikuwa moja. Ndivyo Wazungu walivyoliunda, zamani, wakati mimi na yeye hatujazaliwa. Kwenye dashibodi kulikuwa na swichi ndogo. Ukiishusha, sindano inakupa habari za tangi la kushoto. Ukiipandisha, inakupa za kulia. Swichi yenyewe haihamishi hata tone. Ni ya kuuliza tu. Ukitaka injini inywe kutoka tangi la pili, lazima uiname chini ya kiti cha abiria na kuzungusha koki ya shaba iliyojificha hapo, na koki hiyo ilikuwa inavuja kidogo, kwa hivyo ukiigusa unanuka petroli siku nzima. Naeleza haya mapema kwa sababu watu wazima wenye leseni mfukoni walishindwa kuyaelewa.

Swichi ilikufa wakati Valary, binti yetu wa pekee, alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Tangu siku hiyo sindano ililala katikati, haipandi wala haishuki, na Wekulo akapata njia yake. Kila asubuhi, lori likiwa limeegeshwa Sarang'ombe, hapo kwetu Kibera, alimpa Valary spana, na mtoto akazunguka akigonga tangi moja, halafu la pili, sikio likiwa limebanwa kwenye chuma. Alikuwa amenieleza mwenyewe, kwa fahari, kwamba tangi tupu hulia na lililojaa hunyamaza, na katikati kuna sauti nyingi ambazo mimi na masikio yangu ya kuuza mboga siwezi kuzisikia. Alikuwa akisema, "Baba, kushoto imebaki robo," na imebaki robo kweli. Watu wa hapo walimwita Sikio la Wekulo. Naye Wekulo alikuwa akitembea na yule mtoto kila mahali, kifua mbele, mpaka ningemwonea wivu kama asingekuwa wangu.

Siku za kawaida lori lilibeba mchanga, mbao na mabati. Lakini mtu wa kwetu akifa, awe wa mtaa wetu wa Gatwekera au wa mtaa wa Kongo kule Kawangware, ni lori hilo lililompeleka kijijini Samia, magharibi kabisa, akazikwe. Nadhani Wekulo alirudisha nyumbani watu wengi kuliko pasta yeyote. Na kwa sababu lori lilikuwa zee, mara nyingine lilizimika njiani na jeneza likiwa nyuma. Kwetu hilo lina maana moja. Gari lililobeba maiti likisimama, marehemu amekataa kwenda. Kuna mtu ana neno naye halijatolewa. Basi wazee hushuka, wanazunguka jeneza, na yule mwenye neno analitoa mbele ya watu, anaomba msamaha, na gari linawaka.

Linawaka kwa sababu gani? Wekulo aliniambia. Wakati wao wanalia huko nyuma, yeye amefungua boneti anasafisha plagi. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine ila mimi na Valary, ambaye alikuwa anamshikia plagi. Mara moja ndugu wawili waliokuwa wamegombania ng'ombe mpaka wakaacha kusalimiana walikumbatiana kando ya barabara, na lori likawaka, na kijiji kizima kikamshukuru Mungu. Nilimwambia Wekulo huo ni uongo. Akacheka. "Watu hawapatani hivi hivi, mama Valary," akasema. "Lazima uwape sababu."

Mtu aliyesema hivyo, alipokosana na mtoto wake mwenyewe, hakupata sababu.

Ilianza Valary alipomaliza shule. Babake alikuwa amemtafutia nafasi ya kujifunza ushonaji, na msichana akaenda Kongo, kwa fundi wa waya za magari aitwaye Wambua, akalala chini ya magari. Ungedhani Wekulo angefurahi, maana ni nani aliyemwonjesha mafuta ya gari akiwa mdogo? Lakini wanaume wa pale Sarang'ombe walimcheka, wakamuuliza kama mahari ya binti yake italetwa kwa debe la grisi, na Wekulo hakuwa mtu wa kuchekwa. Alinuna. Halafu Jumapili moja Valary alikuja na bisibisi na waya mpya, amejitolea kumtengenezea babake ile swichi iliyokufa. Zawadi. Alikuwa ameshapanda ndani ya lori Wekulo alipotokea, akiwa na kaka yake Murunga na wale wale waliokuwa wakimcheka.

"Shuka," akamwambia. "Utashika hii gari siku nitakuwa nimekufa."

Valary aliweka bisibisi chini, juu ya kiti, akashuka, akaenda zake Kawangware. Sikuwahi kuona mtu akitii namna ile. Maji yakimwagika hayazoleki. Kuanzia hapo hawakusemezana. Valary alikuwa akija kuniona babake akiwa safarini, na babake akirudi alikuwa akitazama vikombe, akiona viwili, anajua, hasemi. Mimi nilipeleka salamu huku na huku, salamu ambazo hakuna aliyezituma. Nilikuwa nikimwambia Valary kwamba babake ameuliza anaendeleaje. Nilikuwa nikimwambia Wekulo kwamba msichana amesema apunguze chumvi. Kila mmoja alinitazama akajua nimetunga.

Lakini mgala muue na haki umpe. Mafundi wengine walijitolea kuitengeneza swichi ile, na wote aliwafukuza. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa anamngoja Valary. Ila Wekulo huyo huyo alikataa kuziba paa letu mpaka tukalala na sufuria kitandani, kwa hivyo sijui.

Alianguka kando ya gurudumu la lori lake, Jumanne, presha imempanda, na hakuamka. Valary alikuja mbio kutoka Kawangware akakuta tumeshamfunika. Hakulia. Aliniuliza kama alisema chochote. Nikamwambia hakusema. Ningekuwa na akili ningetunga kitu, mimi niliyekuwa nimezoea kutunga, lakini siku ile akili haikuwepo. Alikaa chini sakafuni na hakuuliza tena.

Sasa sikilizeni jambo lililoniumiza kichwa wiki hiyo, kuliko hata kifo chenyewe. Katika ukoo wa Wekulo, mtu aliyenuniana na marehemu mpaka mauti yakawatenganisha hatupi udongo kaburini. Anasimama nje ya ua hadi shimo lifukiwe. Hakuna anayempiga wala kumtukana, lakini jambo hilo linamfuata maisha yake yote. Akiolewa litatajwa, akizaa litatajwa. Na shemeji yangu Murunga, ambaye sasa ndiye mkubwa, alikuwepo siku ile ya bisibisi. Aliniita pembeni akaniambia, kwa huzuni kabisa maana si mtu mbaya, kwamba Valary atasimama nje. Nilimlilia. Nikamkumbusha ni mtoto wa pekee. Akasema yeye hakuanzisha desturi na hawezi kuivunja juu ya kaburi la mdogo wake. Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: msichana wangu amzike babake kwa mkono wake.

Tuliamua Wekulo apelekwe na lori lake mwenyewe. Ataendesha Isaac, mtoto wa dada yake, kijana wa kuendesha matrela, mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Isaac alikagua lori akasema hawezi kwenda mpaka Samia na sindano iliyolala. Yeye si wa kugonga matangi kama anapiga ngoma. Swichi ibadilishwe. Basi Murunga, Isaac na mimi tukaenda na lori Kawangware, kwa sababu kila tuliyemuuliza alisema gari la umri ule linajulikana na Wambua peke yake.

Tulipitia maduka ya spea kwanza. Wenye maduka waliishika ile swichi iliyokufa, wakaigeuza, wakaitana waje waione. Mmoja alisema ya aina hiyo iliacha kutengenezwa kabla babake hajaoa. Mwingine alitaka kuinunua aweke dirishani. Kwa hivyo tulifika Kongo mikono mitupu, na Wambua, ambaye macho yake siku hizi yana ukungu, akaigusa kwa vidole akatabasamu, akasema kazi hii itafanywa na mtu wake. Mtu wake akatoka nyuma ya kibanda akiwa na ovaroli. Alikuwa Valary.

Murunga alitikisa kichwa kabla Valary hajatufikia. Akamkumbusha, mbele ya mafundi wote, maneno ya babake.

"Alisema nitaishika siku atakuwa amekufa, baba mkubwa," Valary akajibu. "Si amekufa?"

Isaac alitazama saa. Murunga alienda kusimama upande wa pili wa barabara ili asione.

Mimi niliona. Valary alifungua boksi la Wambua la vitu vilivyokufa na kutoa swichi ya amplifaya ya kanisa fulani lililoungua kule kwetu Kibera, ile ya kuhamisha sauti kutoka maikrofoni moja hadi nyingine. Akanionyesha miguu yake mitatu: huu wa sindano, huu wa tangi la kushoto, huu wa kulia. Hakuna tofauti, akasema, kuuliza ni kuuliza. Akalala chali chini ya dashibodi, miguu nje, na nikasikia anakwangua kutu, anahema, anachoma waya. Aliifanya kazi ile polepole mno. Nadhani hakutaka iishe. Kisha akaamka, akaibofya chini, na sindano iliyolala tangu akiwa mtoto ikatikisika na kushuka mpaka karibu na mwisho. Akaibofya juu, ikapanda kidogo. Uso wake ukageuka haraka kunitafuta, jinsi alivyokuwa akigeuka akiwa mdogo kuona kama babake amesikia. Nilikuwa mimi tu pale. Nikapiga makofi kama mjinga.

Kabla hatujaondoka alimweleza Isaac kila kitu. Swichi ni ya kuangalia, koki ndiyo ya kuhamisha. Tangi la kushoto likikaribia kuisha, simama, inama chini ya kiti, zungusha koki. Alimweleza mara mbili. Isaac alikuwa akifuta miwani.

"Nimepeleka trela mpaka Juba," akamwambia. "Hii ni nini?"

Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa alfajiri tukamchukua Wekulo mochari, tukajaza matangi yote mawili, tukafunga vitambaa vyekundu na matawi kwenye vioo, na kuanza safari. Jeneza lilikuwa nyuma pamoja na waombolezaji wakiimba. Mimi, kwa sababu ya miguu yangu inayovimba, niliwekwa mbele na Isaac, kwenye kiti cha abiria. Valary aliketi nyuma kabisa, pembeni, ambapo Murunga alimwonyesha. Tulipanda, tukashuka bonde, tukapita Nakuru, na joto la injini na nyimbo zikanibeba, nikasinzia.

Kilichoniamsha ni kimya. Tulikuwa tumepita Mau Summit, tunaelekea Londiani, mchana wenye ukungu na miti pande zote mbili. Lori lilikuwa limesimama kando ya barabara. Isaac alikuwa akipiga stata, injini inazunguka, haishiki. Alishuka, akafungua boneti, akatazama plagi, akavuta waya, akarudi. Alinionyesha dashibodi. "Auntie, mafuta iko full. Moto iko. Gari iko sawa kabisa. Sielewi."

Nilitazama sindano. Kweli ilikuwa imejaa pomoni. Nikatazama swichi ya kanisa: ilikuwa juu. Nikarudisha kisigino changu nyuma, chini ya kiti, nikaipapasa koki kwa kiatu, na ilikuwa bado inatazama kushoto kama ilivyokuwa tukitoka Nairobi. Nikaelewa papo hapo. Mjuaji wa Juba alikuwa ameona sindano ya kushoto ikilala, akabofya swichi, sindano ikaruka juu, naye akadhani amehamia tangi la pili. Alikuwa ameuliza swali, akalidhania ni mafuta.

Nilifungua mdomo nimwambie. Ndipo Murunga akafika dirishani kwangu, kofia mkononi, uso umebadilika.

"Mama Valary," akasema, "Wekulo amekataa."

Nikafunga mdomo.

Huko nyuma nyimbo zilikuwa zimekatika. Wazee walishuka mmoja mmoja wakasimama kwenye nyasi, na wanawake wakaanza kunong'ona. Murunga aliongea kwa sauti ya kusikika na wote. Gari ni zima, mafuta yamejaa, dereva amethibitisha. Mdogo wake anajulikana, hakuwa mtu wa kusimama njiani bila sababu. Kuna mtu mmoja hapa aliyekatazwa kulishika gari hili, na amelishika, na hawakupatana mpaka mtu akafa. Mtu huyo aseme na babake mbele ya watu. Wekulo akimsamehe, ataondoka. Asipomsamehe, msichana ashukie hapa hapa, sisi tuendelee.

Lakini maneno ya Wekulo yalinijia, na kicheko chake, na plagi. Watu hawapatani hivi hivi. Lazima uwape sababu. Nilitoa kichwa dirishani na kumuuliza Murunga, mbele ya ukoo wote, jambo moja: na kama gari likiwaka, binti yangu atatupa udongo?

Aliitazama kofia yake mkononi. "Wekulo akikubali," akasema, "mimi ni nani?"

Wazee wakaitikia. Wote walisikia. Basi nikaketi wima kwenye kiti changu juu ya ile koki, kama kuku juu ya yai, na kupanga. Valary ataongea. Wote watageukia jeneza. Mimi nitainama kana kwamba nalia, nitaizungusha, Isaac atapiga stata, na msichana wangu atapata msamaha wa babake mbele ya mashahidi. Atautupa ule udongo. Na zaidi ya udongo, ataamini. Hilo ndilo nililolitaka zaidi, siwafichi. Nilitaka alale usiku akijua babake alimjibu.

Valary alishuka. Alikuja kwanza dirishani kwangu, uso mkavu, akaniomba leso yangu ajitande kichwani kabla ya kusimama mbele ya babake. Leso ilikuwa kwenye mfuko miguuni pangu. Alifungua mlango, akainama, akaitafuta, akaitoa. Nilikishika kichwa chake kidogo alipokuwa ameinama. Kisha akaenda nyuma, na Murunga akamfuata, na Isaac naye akaenda kusikiliza.

Nilikuwa peke yangu mbele. Sauti yake ilinifikia kupitia tundu la nyuma ya kiti.

"Baba, siku ile uliponiambia nishuke, nilishuka. Bisibisi niliiacha kwa kiti. Sijaishika hii gari tena mpaka ukakufa, vile ulisema. Nilikutii, baba. Kama kukutii ndio kosa langu, nisamehe."

Wanawake walianza kulia. Mimi nikainama haraka, nikaupeleka mkono chini ya kiti, nikaishika koki nizungushe.

Ilikuwa imeshazungushwa. Ilikuwa inatazama kulia.

Nilibaki nimeinama pale, mkono kwenye shaba iliyolowa petroli, na sikuweza kuinuka. Leso. Hakutaka leso. Alikuwa amejua tangu lori liliposimama, kama nilivyojua mimi, na zaidi yangu. Alikuwa amewasikia wazee, akakumbuka plagi alizomshikia babake, na akaamua kunipa mimi kitu: nimwone mume wangu akimsamehe mtoto wangu. Tulikuwa tumeandaa zawadi ile ile, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na hakukuwa na aliyebaki wa kuipokea. Ukoo mzima ungeondoka pale ukijua Wekulo amesamehe. Wasiojua walikuwa wawili tu, mkewe na mwanawe. Mganga hajigangi.

Isaac alirudi akapiga stata. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikakohoa, ikashika. Nyuma kulilipuka vigelegele na nyimbo, na Murunga, mzee mzima, akamkumbatia Valary huku machozi yakimtiririka, akamwita mwanangu. Kisha akamleta mwenyewe mpaka mbele akasema nafasi yake ni hapa, kando ya mamake. Nilikuwa nalia kwa sauti, na kila mtu akasema ni furaha.

Tukaendelea na safari. Isaac alikuwa akisimulia mambo kama hayo aliyoyaona Uganda. Valary akanitazama, akajilazimisha kutabasamu.

"Mama, usilie sasa," akasema. "Si umesikia? Amenisamehe."

"Nimesikia," nikamwambia. "Amekusamehe."

Akauchukua mkono wangu auweke shavuni, kama alivyopenda kufanya tangu utotoni. Ulipofika usoni kwake, akasita. Akaunusa. Petroli haijifichi. Aliugeuza mkono wangu, akautazama, halafu akautazama wake mwenyewe. Isaac alikuwepo. Aliegemea bega langu, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, mpaka blauzi yangu ikalowa. Tulishuka Kericho hivyo, kwenye mashamba ya chai, tukinuka kitu kimoja.

Jumamosi tulimzika. Murunga alitimiza neno lake; alimwita Valary kwa jina, kabla ya wajomba na kabla ya mashangazi, akamwongoza mpaka kwenye jeneza kabla halijateremshwa. Watu walitulia wamwone mtoto aliyejibiwa na babake.

Valary alipiga magoti. Akaweka sikio juu ya kifuniko cha jeneza, akaukunja mkono, akagonga kwa vifundo vya vidole. Akangoja. Akasogea, akagonga tena, kuelekea kifuani. Wanawake walidhani ni uchungu na wakamlilia, na mwingine akataka kumwinua, lakini nilimzuia. Mimi nilijua anachofanya. Aligonga mara ya mwisho, akasikiliza kwa muda, macho yamefumbwa, halafu akainuka, na walipolishusha akachota udongo na kuutupa kwa mkono wake.

Sikumuuliza siku ile. Nilimuuliza tukiwa tumerudi Gatwekera, tunachambua mrenda mlangoni, wageni wameisha na lori limeegeshwa Sarang'ombe bila mwenyewe. Nilimuuliza alisikia nini alipogonga jeneza.

"Lilinyamaza, mama."

Nikamkumbusha, kwa upole, alivyonifundisha mwenyewe akiwa mdogo: tupu hulia, na lililojaa ndilo hunyamaza.

Valary aliendelea kuchambua majani, akiyaweka mazuri kwenye ungo.

"Hilo ni tangi, mama," akasema.